Fani na Maudhui ya Zege: Kulihakiki Jumba la KICC

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Jengo je? Nalo lina mtunzi, lina hadhira, lina fani na maudhui. Tena riwaya ikikuchosha unaifunga. Jengo la umma utalipita kila siku, upende usipende. Makala haya yanajaribu kulisoma jengo moja la jirani zetu: Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta (KICC), Nairobi.

Mtindo wake uko karibu na ule uitwao brutalizimu. Wengi wakilisikia jina hilo hudhani ni habari ya ukatili. Hapana, ndugu msomaji. Linahusishwa na maneno ya Kifaransa béton brut, yaani zege tupu, lisilopigwa lipu. Msanifu Le Corbusier alilipa zege hilo sifa kwa jengo la makazi lililokamilika Marseille, Ufaransa, mwaka 1952. Kanuni yenyewe ni nyepesi: ukuta useme umejengwa kwa kitu gani, na kwa namna gani.

Mtu wa Robanda, kule Serengeti, hahitaji profesa wa kumfafanulia hilo. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo hubaki na alama za vidole vya aliyeukandika.

KICC lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso wa Kenya, likakamilika mwaka 1973. Ni mnara wa ghorofa 28, na ubavuni mwake ukumbi wenye umbo la pia linalokumbusha nyumba ya msonge. Zege lake, lenye rangi ya udongo mwekundu, liligongwagongwa kwa nyundo mpaka likakwaruza. Hizo ndizo alama zake za vidole: jasho la kibarua linaonekana, halikufichwa chini ya rangi.

Kwa upande wa fani, basi, jumba ni kweli tupu. Maudhui je? Hapa ndipo penye kazi. Lilianza kama wazo la makao makuu ya chama cha KANU, kisha likapanuliwa, na Septemba 1973 likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF. Chama kiliendelea kulishikilia hadi mwaka 2003, serikali ya NARC ilipolichukua kuwa mali ya umma. Zege halikubadilika, kilichobadilika ni jibu la swali, "Hili ni la nani?"

Wapo wahakiki wanaodai kwamba fani isiyoficha kitu huzaa maudhui yasiyoficha kitu. KICC linawakatalia. Ukuta ulieleza wazi ulivyojengwa, lakini haukusema mwenyewe ni nani. Kwa hiyo tukilisifu zege, na tulisifu kwa haki, tuulize pia habari ya hati. Jengo la AICC kule Arusha, ambalo sehemu yake moja inaitwa Serengeti, tunamwachia mhakiki mwingine alipime kwa maswali hayo hayo mawili.