Mgeni wa Miaka Minne



Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwachukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Jamaa zao waliwaaga hapa. Lakini je, kule walikokwenda, ni nani aliyewafungulia mlango?

Leo twataka kueleza juu ya huduma ya kuwapokea wanafunzi wa namna hii. Katika mwaka wa masomo 2023/24, wanafunzi wa kigeni huko Marekani walikuwa zaidi ya milioni moja. Wengine huishi katika miji midogo, kama Ames katika jimbo la Iowa, ambako chuo kikuu ndicho moyo wa mji. Mwanafunzi aweza kumaliza masomo yake yote pale asiingie hata mara moja katika nyumba ya mwenyeji.

Kwa hiyo Wakristo wa miji hiyo huenda kumlaki mgeni kwenye kiwanja cha ndege. Humtafutia sufuria, blanketi na koti zito la kumkinga na theluji. Huketi naye kuzungumza Kiingereza. Na wakati wa Krismasi, wenzake waendapo kwao na bweni likabaki kimya, humwita mezani.

Matunda yake huweza kuwa makubwa. Bakht Singh, kijana wa Kihindi, alipokuwa mvulana aliirarua Biblia aliyopewa, akabakiza jalada lake zuri tu. Baadaye alikwenda Kanada kusomea uhandisi. Katika mji wa Winnipeg, John na Edith Hayward walimkaribisha mezani, kisha wakampa nafasi ya kuishi kwao. Humo aliwaona watu wakisoma Neno na kuliishi. Akamwamini Kristo, akabatizwa mwaka 1932. Mwaka uliofuata alirudi India, akahubiri huko kwa miaka mingi, na makanisa mengi yakaanzishwa.

Lakini si kila mgeni atakuwa Bakht Singh, na hapa ndipo tunapojaribiwa. Tukimwalika mtu chakula mara tatu, naye akakataa kuja kanisani, je, tutaacha kumwita? Tukiacha, atajua kwamba chakula chetu kilikuwa chambo, na sisi tulikuwa wavuvi tu. Bwana Yesu aliwaponya wenye ukoma kumi. Mmoja tu ndiye aliyerudi kushukuru, wala Bwana hakuwanyang'anya wale tisa afya yao. Imani yetu hatuifichi. Mgeni akituuliza, tutamjibu kwa furaha. Asipouliza, kiti chake kingali pale. Na akiwa Mwislamu, hatutamwekea nyama ya nguruwe mezani.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi huyu ni mgeni wa miaka minne. Tusimfanye mtu wa kupokea tu. Mwacheni aingie jikoni apike chakula cha kwao, awafundishe watoto salamu za lugha yake, awaombee wagonjwa wenu ikiwa yeye ni Mkristo. Apewaye siku zote bila kutoa huona haya. Apewaye jembe huwa mtu wa nyumbani.

Wapendwa, wageni hao hawako Marekani tu. Katika vyuo vyetu hapa Kenya wamo vijana kutoka Sudan Kusini, Somalia na Kongo. Baadhi yao hupita mbele ya milango yetu kila siku. Mungu aliwaagiza Israeli wampende mgeni, kwa maana wao nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Nasi watoto wetu wako ugenini, na twatamani wapokewe vema.

Basi Jumapili hii, kabla ya kufunika sufuria, na tujiulize: ni nani anayekula peke yake karibu nasi?

Tuombe. Ee Baba, wewe uliyetukaribisha tulipokuwa mbali, utufungue macho tumwone mgeni, na utufungue mikono tumpokee. Katika jina la Yesu. Amina.