Nathani hakuishia kwa mwana-kondoo

Somo: 2 Samweli 12:1-13



Juma hili tunasema juu ya vitabu vya picha vya watoto, vile ambamo simba, kobe na panya wanasema kama watu. Wazazi wengine wanavipenda. Wengine wanatuuliza: mnyama anayesema, si uongo huo? Si mlango wa mambo ya giza ndani ya nyumba?

Tujibu hilo kwanza. Sulemani anamtuma mvivu kwenda kujifunza kwa chungu (Mithali 6:6). Yothamu alisimulia miti iliyotafuta mfalme (Waamuzi 9). Na nabii Nathani, alipotumwa kwa Daudi, alianza na habari ya mwana-kondoo wa maskini. Mfano si uongo, wala si ulozi. Ni njia ya kufikisha kweli.

1. Kwa nini wanyama?

Daudi alimkasirikia yule tajiri mnyang'anyi kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Mtoto naye ni vile vile. Ukimwambia "wewe ni mchoyo", anafunga masikio. Ukimwonyesha samaki mchoyo, anasikiliza. Kiko kitabu cha Marcus Pfister wa Uswisi, kilichotoka mwaka 1992, juu ya samaki mwenye magamba ya kung'aa. Alikataa kumpa mwenzake hata gamba moja, akabaki peke yake. Alipoanza kugawa, akapata marafiki. Hata mtoto asiyejua kusoma anaifuata habari hiyo kwa picha. Tena wengi wetu tulijifunza shuleni mifano ya La Fontaine, aliyeanza kuitoa kwa Kifaransa mwaka 1668, kama ile ya simba aliyeokolewa na panya mdogo.

2. Hatari iko wapi?

Hatari ni mtoto kubaki kwa mnyama, asifike kwake mwenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa miaka 4 hadi 6. Kundi moja lilisomewa kitabu cha mnyama mdogo anayejifunza kugawa. Kundi lingine lilisomewa habari ile ile, lakini kwa picha za watu. Kundi la tatu lilisomewa juu ya mbegu. Kabla na baada ya kusomewa, kila mtoto alipewa picha za kubandika, akaachwa achague ngapi atampa mtoto mwingine. Waliosomewa habari za watu waligawa zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa za wanyama hawakuongeza, walipunguza.

Hatari nyingine ni mtoto kuchagua mwalimu mbaya. Rousseau aliliandika hilo tangu 1762: katika mfano wa kunguru na mbweha, mtoto anampenda mbweha, mwerevu wa kudanganya. Hadithi zetu za Sungura ni hivyo hivyo. Sungura anadanganya, anashinda, na sisi tunacheka. Mtoto anajifunza nini kwa kicheko chetu?

3. Tufanye nini?

Tufuate Nathani. Hakuishia kwa mwana-kondoo. Alimgeukia Daudi akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye. Kitabu kinafanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mzazi. Basi, ukifunga kitabu, uliza: Nani alitenda vema? Nani aliumia? Hapa kwetu, nani anafanya kama samaki yule? Kisha mpe tendo la siku hiyo hiyo: amegee mdogo wake ndazi, amsalimu yule waliyegombana naye.

Lakini tuangalie sana. Usichukue mfano ukaufanya tusi. Mtoto anayeitwa "fisi" mbele ya wageni hajafundishwa. Amefedheheshwa, na kesho hatasikiliza hadithi yako. Tena usimwache chini ya hukumu. Daudi alipokiri, Nathani alimtangazia msamaha saa ile ile. Mtoto akikubali kosa lake, mkumbatie, muombe pamoja.

Wengine watasema: hatuna feza ya vitabu. Kweli. Lakini kipande cha katoni na makaa vinatosha kuchora kobe na simba. Kitabu kimoja cha ekodimu kinaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba, juma kwa juma. Na wazee wetu wana hadithi nyingi ambazo hatujawauliza.

Tuombe: Bwana atupe hekima ya Nathani, tuweze kusema kweli na watoto wetu bila kuwavunja moyo. Amina.