Alikolala na Atakakozikwa: Watu wa Gitothua

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 makarani wa sensa walipita Ruiru mlango kwa mlango wakiuliza nani analala hapa leo. Sensa ya Kenya humhesabu mtu pale usiku huo unapomkuta, awe mwenye nyumba, mpangaji au mgeni aliyekuja kuazima pesa akakosa gari la kurudi. Hesabu ilipokamilika, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 490,120. Miaka 10 kabla walikuwa 238,858. Ruiru ilikuwa imeiacha Thika mbali, ingawa barabara bado inaitwa ya Thika na wazee wengi bado wanaiona Thika kuwa ndiyo mji na Ruiru kuwa stendi ya njiani.

Gitothua ni mojawapo ya wadi nane za eneo bunge la Ruiru. Ukimkuta mtu wa hapa umuulize ni wa wapi, atakujibu bila kusita, "Gitothua." Ukimuuliza tena, "La, nauliza kwenu hasa," uso unabadilika kidogo, kisha yanatoka majina mengine kabisa: Kangema, Othaya, Mwala, Kakamega, Gem, Nyamira. Kwa hiyo kuna hesabu mbili za watu wa mahali hapa. Ya serikali huuliza mtu amelala wapi. Ya mila huuliza atazikwa wapi. Katika vijiji vingi vya Kenya hesabu hizo mbili hutoa jibu moja. Gitothua hazikutani, na sehemu kubwa ya desturi za hapa imezaliwa katika pengo hilo.

Pengo lenyewe ni la zamani kuliko nyumba za ghorofa. Ruiru iko pale ambapo miinuko ya Kiambu inaisha na tambarare za mto Athi zinaanza. Upande wa magharibi ni mabonde, chai na migomba; upande wa mashariki ni nyasi na udongo mweusi, na siku isiyo na mawingu mlima Kilimambogo unaonekana umekaa peke yake. Nyasi hizo hazikuwa za mkulima. Wamaasai walilisha ng'ombe humo kwa majira, wawindaji waliwafuata wanyama, na Wakikuyu walibaki pembeni mwa msitu wakishuka na kupanda kwa biashara na kwa ugomvi. Halafu ikaja miaka ya 1890 na mikosi yake: sotoka iliyomaliza ng'ombe, ndui, ukame na njaa kali ya mwishoni mwa muongo. Watu wa kusini mwa nchi ya Wakikuyu walikufa kwa wingi, na waliobaki wengi walirudi kwa jamaa zao kaskazini. Wazungu walipofika wakaona mashamba yamelala, wakaandika kuwa ardhi haina mwenyewe. Sheria ya mwaka 1902 ya ardhi za Taji ikawapa kalamu ya kuandikia.

Mmoja wa waliochukua eneo kubwa upande wa Juja alikuwa tajiri Mmarekani, William Northrup McMillan, yule ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931. Rais mstaafu Theodore Roosevelt alifikia kwake mwaka 1909 akipiga wanyama. Inachekesha ukiwaza leo, ukiwa umesimama kwenye foleni ya magari, kwamba watu walivuka bahari kuja kutafuta simba huku.

Reli ya Thika ilifunguliwa mwaka 1913, na kahawa ikashika. Kahawa ndiyo iliyoumba Ruiru, na kahawa haikutaka wenyeji, ilitaka mikono. Mashamba yalijenga laini, vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, kila familia mlango wake, bomba moja, choo cha wote. Mwanamume alitembea na kipande, cheti cha kazi kilichowekwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wanawake na watoto walivuna kwa debe: unajaza, unapeleka kwa nyapara, unapata alama yako. Mavuno makubwa yalikuwa kati ya Oktoba na Desemba, na madogo katikati ya mwaka. Mvunaji mwenyewe hakuruhusiwa kupanda mti hata mmoja wa kahawa kwao. Kwa Wakikuyu mlango huo ulifunguka hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, tena katikati ya Hali ya Hatari, wakati maelfu wamefungiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro.

Ninatumia muda kwenye laini kwa sababu ploti za leo ni watoto wake. Ingia katika ploti ya kawaida ya Gitothua: geti la chuma, ukumbi mwembamba wa saruji katikati, milango ikitazamana kushoto na kulia, kamba za nguo juu, tangi la maji pembeni, na keiteka anayeishi mlango wa kwanza ili aone kila anayeingia. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba hayupo, na mwisho wa mwezi ni mpangaji anayetoa badala ya kupokea.

Baada ya uhuru walowezi wengi waliuza. Watu walichanga hisa katika kampuni na vyama vya kununua ardhi: wavunaji, makarani, madereva, vikundi vya akina mama vilivyoitwa nyakinyua. Ulinunua hisa, ukangoja miaka, kisha siku ya balloti ukachota karatasi yenye namba na kwenda kutafuta mawe yako ya mpaka kwenye nyasi. Wengine walipata shamba. Wengine walipata kesi ambazo wajukuu wanaendelea nazo. Mashamba makubwa yalikatwa, yakakatwa tena, mpaka kipimo kikawa hamsini kwa mia, halafu arobaini kwa themanini, na kwa lugha ya futi hizo mtu wa Gitothua hueleza maisha yake yote: wazazi walipata ngapi, yeye amebakiwa na ngapi.

Barabara Kuu ya Thika, iliyojengwa upya kuanzia 2009 na kufunguliwa na Rais Kibaki mwaka 2012, ilimaliza kazi.  Mbuga ilijaa watu. Mibuni iling'olewa, nyumba zikapandwa. Na kuna jambo la kuudhi kidogo: mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha hapa kilitoa aina mpya inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, wakaiita Ruiru 11. Aina hiyo imeenea mashamba mengi ya Kenya, inabeba jina la mji ambao sehemu kubwa ya mashamba yake yenyewe sasa ni maghorofa.

Basi watu hawa waliokusanyika bila ukoo mmoja wanaishije? Kwanza, hawaitani majina ya kuzaliwa. Mwanamke ni Mama Shiro, mwanamume ni Baba Kevo, na ukihamia huna mtoto utakuwa Mama Namba Saba mpaka umpate. Mzee yeyote wa Kikuyu ni guka, bibi ni shosho, na mtoto wa Kiluhya aliyekulia kwenye ploti atamwita jirani shosho kabla hajamjua bibi yake mwenyewe. Kiswahili ndiyo lugha ya ukumbini. Kikikuyu ni cha sokoni na cha kupunguziwa bei.

Kwenye majina ya watoto, hata hivyo, mila ya kwao haijalegea. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Kwa hiyo ndani ya bedsita ya Gitothua unaweza kukuta mzee wa Othaya aliyefariki zamani akikimbia na chupi tu, akigombezwa asimwage maji.

Ruracio, yaani sherehe za mahari, nazo hufanyika, ingawa nafasi inabana. Nyumba ya msichana ikiwa ni ya mtaani, hema hufunga njia nzima na majirani hukubali kuegesha magari mbali. Wageni husimamishwa getini. Wanawake wa nyumba huimba wakiwazuia, wageni huimba wakijibu, na pesa kidogo hupita mkononi kabla geti halijafunguliwa. Wasichana hufunikwa leso toka kichwani mpaka miguuni, na bwana harusi amtambue wake. Akikosea analipa faini na kuchekwa mwaka mzima. Mbuzi huhesabiwa, lakini hawaonekani. Wazee hukaa kwenye chumba, wanataja mbuzi tisini, wanabishana juu ya mbuzi, wanasamehe mbuzi kadhaa kwa heshima, na kinachotolewa ni simu. Mbuzi na kondoo wanaoonekana ni wale wa kuchinjwa. Siku ya ngurario mwanamume hukata bega la kondoo mbele ya watu, na hapo kwa macho ya wazee ndoa imefungwa, hata kama kanisa bado.

Lakini arusi inaweza kufanyika popote penye hema. Kifo ndicho kinachomuuliza mtu wa Gitothua swali lake gumu. Mtu akifa, jioni hiyo hiyo viti vya plastiki huletwa kwenye ploti. Kamati huchaguliwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mara nyingi mwenyekiti si wa kabila la marehemu, kwa sababu asiye ndugu hasemwi vibaya kuhusu pesa. Bajeti husomwa kwa sauti: mochari, sanduku, basi, chakula cha njiani, vitabu vya ratiba vyenye picha. Michango huingia kwa simu, na katibu huiorodhesha kwenye kundi la WhatsApp kwa namba, ili kila mtu aone nani ametoa na nani anasoma tu. Kisha safari. Ya Murang'a au Machakos huondoka alfajiri na kurudi jioni. Ya Siaya au Vihiga hukesha barabarani. Majirani waliokutana kwa bahati ya kodi husafiri usiku kucha kwenda kumzika mtu katika kijiji wasichokijua, wanakula ugali wa wafiwa, wanamwaga udongo kidogo, wanarudi kazini Jumatatu.

Kesi maarufu kuliko zote juu ya jambo hili ni ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye ardhi yao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi mwaka 1987. Watu walihitimisha kwamba nyumba uliyojenga mjini ni ya kulala tu, na kwamba kwenu ni kwenu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema hivi ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Kwa Wajaluo huenda. Kwa Wakikuyu, maiti nyingi hazikuzikwa kabisa. Ziliachwa porini kwa fisi, na kaburi lilikuwa heshima ya mzee mwenye mali. Serikali ya kikoloni na wamisheni ndio waliosukuma kila mtu azikwe, na hati ya shamba ikaja kulipa kaburi uzito mwingine. Mila inayotajwa kwenye matanga kuwa ni ya mababu ina umri wa karne moja hivi, karibu sawa na reli ya Thika. Sisemi kwamba kwa hiyo ni ya uongo. Nasema kwamba ilitengenezwa na watu, na watu wa Gitothua wanaendelea kuitengeneza.

Maana kuna waliopata hisa, ambao hawana kwingine. Mzazi wao alizaliwa laini, bibi yao alivuna kahawa ya watu, na ardhi pekee iliyowahi kuandikwa jina la ukoo ni hiyo ya hamsini kwa mia. Mzee akifa huzikwa pale nyuma, kati ya nyumba kuu na vyumba vya kupangisha, na wapangaji hushinda wakianika nguo hatua chache kutoka msalabani. Watoto hugawanyika mara moja. Mmoja huona kwamba sasa familia ina kwao. Mwingine huona kwamba ploti imepotea, kwa sababu wanunuzi huogopa kaburi, na benki nayo haitaki dhamana ambayo hakuna atakayeinunua. Nimewasikia ndugu wakibishana hivyo mchana kutwa, tena kwa adabu, wakiitana kwa majina ya babu zao.

Vyama vya kuzikana navyo vimelazimika kuamua. Katiba nyingi ziliandikwa zikichukulia kwamba kila mwanachama atasafirishwa: kiasi fulani kwa familia, na juu yake basi moja la kwenda na kurudi. Katika chama kimoja cha akina mama ninachokifahamu, mwanachama alipofiwa na mume na kutangaza kuwa mazishi yatakuwa hapa hapa, hatua chache kutoka walipokuwa wamekaa, mweka hazina aliuliza pesa za basi ziende wapi. Wengine wakasema basi halikodiwi, kwa hiyo pesa zibaki. Mama mmoja wa Nyamira, ambaye basi lake lingekuwa la ghali kuliko la wote, alisema kwamba mwenzao asiadhibiwe kwa kuwa karibu. Walikubaliana apewe nusu, na kifungu kikaandikwa kwa kalamu pembeni mwa ukurasa, kwa kuwa katiba ilikuwa tayari imeshapigwa chapa.