Mlango wa Kazi ya Kompyuta Umekuwa Mwembamba

Wazazi wengi wamesadiki neno moja: mtoto akijua kompyuta, hawezi kukosa kazi. Kwa ajili ya neno hilo baba huuza ng'ombe, mama huuza vitenge vyake, minervali ikalipwa. Miaka yapita, kijana arudi na diploma mkononi. Abisha hodi katika ofisi hii na ile, na kila mahali aulizwa: «Umefanya kazi hii miaka mingapi?» Naye hana la kujibu, maana ndiyo kwanza anaanza. Tusimcheke, wala tusimwite mvivu. Yafaa tujue kwanza mambo yaliyotokea.

Walivyopokewa wanagenzi

Zamani si nyingi, makampuni yaliwatafuta wanagenzi kwa bidii. Mwaka 2014 ilianzishwa huko Lagos, katika Nijeria, kampuni iitwayo Andela. Iliwachagua vijana wenye akili, ikawafundisha kuandika programu huku ikiwalipa mshahara, kisha ikawapa kazi za makampuni ya ng'ambo, nao wasihame kwao. Ilifika hata Nairobi, Kampala na Kigali. Lakini mwezi wa Septemba 2019 iliwaachisha vijana kama 250 katika Nijeria na Uganda, ikasema kwamba 170 hivi wa Kenya waweza kupatwa na jambo lilo hilo. Je, walikuwa wajinga? Sivyo. Wateja walitaka mafundi wazoefu, na wanagenzi walikuwa wengi kuliko kazi zilizokuwako.

Mambo mawili yaliyoongezeka

La kwanza: makampuni makubwa yalipunguza watu. Mwezi wa Novemba 2022 Meta iliwaachisha watu zaidi ya 11.000. Mwezi wa Januari 2023 Google ilitangaza kuwaachisha 12.000, na Microsoft 10.000. Basi mwanagenzi akibisha hodi, amkuta mlangoni fundi wa miaka kumi, naye pia atafuta kazi.

La pili: tarehe 30 Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, nayo na wenzake huandika programu nyepesi kwa dakika chache. Sasa tufikiri kidogo. Zamani mwanagenzi alipewa kazi gani? Alisahihisha makosa madogo, alijaribu programu za wengine, aliandika vipande vyepesi. Kazi hizo ndizo mashine inazozifanya upesi. Mwaka 2025 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba katika Marekani waandishi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 walikuwa wamepungua karibu sehemu moja ya tano tangu mwisho wa 2022. Wale wenye umri mkubwa hawakupungua hivyo.

Hapo pana hatari hata kwa makampuni yenyewe. Asiyepanda miche leo, kesho atapata wapi miti?

Kazi haijafa

Walakini tusikate tamaa. Kongo yetu ina zone za afya 519. Hesabu za wagonjwa, za chanjo na za uzazi hutiwa katika programu iitwayo DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, katika Norwe. Programu ni ya mbali, bali kompyuta zipo hapa kwetu. Umeme hukatika, betri za jua huchoka, virusi huingia, mtandao hupotea. Mashine ya Marekani yaweza kuandika programu, lakini haiwezi kupanda juu ya paa la kituo cha afya kufunga antena, wala kukaa karibu na muuguzi na kumwonyesha kwa upole namna ya kuandika hesabu zake. Shule, hospitali na wafanya biashara wahitaji fundi wa namna hiyo. Mshahara wake si ule wa ndoto. Hata hivyo ndipo uzoefu unapoanza.

Shauri letu

Ninyi wazazi, kabla ya kuuza shamba, nendeni shuleni mkaulize maneno matatu. Kila mwanafunzi hushika kompyuta kwa mikono yake saa ngapi kwa juma? Je, shule humtafutia mahali pa kufanya staji? Na wale waliomaliza mwaka jana, wako wapi leo? Mkuu wa shule asiyeweza kujibu neno la tatu amekwisha kuwajibu.

Nanyi vijana, jifunzeni Kiingereza pamoja na Kifaransa, kwa maana vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa kwa Kiingereza. Jifunzeni Linux, iliyoanza mwaka 1991 na kupatikana bila malipo. Itumieni akili ya mashine kama msaidizi, lakini msipokee jibu lake bila kulielewa. Tena, msingoje kuajiriwa ndipo mfanye kazi. Tengenezeni kitu kimoja kinachofaa: daftari la minervali kwa shule ya jirani, au hesabu za duka la mjomba. Siku mtakapoulizwa, «Umefanya nini?», mtakuwa na kitu cha kuonyesha. Diploma husema kwamba ulisoma. Kazi ya mikono yako husema kwamba unajua.