Je, Wajua? Forodha Ni Silaha

Je, wajua kuwa Wareno walijenga vingome Makupa, ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa, pale ambapo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu kutoka bara? Lakini hawakutegemea bunduki pekee. Wenyeji wa ng'ambo, waliowaita Musungulos, walipewa vitambaa ili wakiache kisiwa kwa amani.

Baharini mambo yalikuwa makali zaidi. Chombo kisicho na cheti cha Wareno kiliweza kutekwa na shehena yake yote. Manahodha wa pwani wakawa wanaomba ruhusa katika bahari ya babu zao!

Je, wajua kuwa Mombasa ilipigwa tumboni kwanza? Mwaka 1823 majeshi ya Oman yaliwanyang'anya Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisiwa cha Pemba, ghala la chakula la mji huo. Mwaka uliofuata Wamazrui walimkimbilia Kapteni Owen wa Uingereza, wakakubali kuwapa Waingereza nusu ya ushuru wa forodha ili walindwe na Pemba irudi. Pemba haikurudi. Waingereza wakaondoka 1826, na 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman, akautwaa mji. Said huyo huyo alijua pia kulegeza kamba: mkataba wake wa 1833 uliwatoza Wamarekani ushuru wa asilimia 5 tu.

Je, wajua kuwa makuli wa Mombasa waliwahi kumjibu Idi Amin, mtawala wa Uganda? Februari 1976 Amin alidai sehemu za Kenya. Makuli wakagoma kugusa mizigo ya Uganda, ile ambayo ikitoka gati za kisiwani ilipaswa kuvuka Makupa kwenda bara. Julai, baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe nchini Uganda, Kenya ikataka ilipwe kwa shilingi zake, na mafuta ya Uganda yakakwama. Agosti Amin akakubali mapatano. Alikuwa na vifaru na ndege. Bandari hakuwa nayo. Ila walioumia mwanzo ni raia wa Uganda, ambao hawakudai hata shamba moja la Kenya, na hilo lisisahauliwe tunapoisifu nguvu ya bandari yetu.

Na mitumba je? Rwanda ilipoipandishia ushuru, Marekani mwaka 2018 ilisitisha msamaha wa kodi kwa nguo za Rwanda. Kenya ilikuwa imeshajitoa mapema katika mpango wa kupandisha ushuru huo.

Na mafuta je? Desemba 2023 Uganda iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ikitaka kampuni yake ya taifa iruhusiwe kujiagizia mafuta kupitia Mombasa. Kufikia Julai 2024 ilikuwa imeanza kuyaagiza.