UKUTA WA BWAWA NA MAJI YASIYOONEKANA

Vikundi vingi, hasa kule Machakos na Kitui, vimejenga kuta za mawe na simiti kukinga mito ya msimu. Swali linalorudi kila mara ni hili: mbona fundi anasisitiza tuchimbe mpaka mwamba, na mawe tumeshakusanya, na watu wako tayari kujenga? Jibu zuri linatoka mbali, katika kijiji cha Bouzey karibu na mji wa Épinal, mashariki ya Ufaransa.

Ukuta wa Bouzey

Mwaka 1871 Ufaransa ilishindwa vita na Ujerumani, ikapoteza nchi ya mpakani. Ikabidi wachimbe mfereji mpya wa mashua upande wao, na mfereji unataka maji. Basi kati ya 1878 na 1880 walijenga ukuta wa mawe wenye urefu wa zaidi ya mita 500 na kimo cha mita 22 hivi toka msingi. Bwawa lilishika maji kama mita za ujazo milioni 7.

Ukuta wa namna hii hausimamishwi na kitu kingine ila uzito wake. Maji yanasukuma, mawe yanakaa. Na msukumo huongezeka haraka kuliko kina. Maji ya kina cha mita 2 husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya tani 2. Kina kikifika mita 4, si tani 4, ni tani 8! Wahandisi wa Bouzey walijua hayo na wakayapigia hesabu.

Jambo ambalo halikuhesabiwa

Aliyewahi kuinua jiwe mtoni anajua: likiwa ndani ya maji ni jepesi, ukilitoa nje ni zito. Maji yanaliinua. Sasa maji yakipenya chini ya ukuta, au ndani ya ufa, yanafanya vivyo hivyo. Ukuta uliotegemea uzito wake unakuwa mwepesi, na msukumo wa mbele uko pale pale.

Mwezi wa Machi 1884, kipande cha ukuta cha mita 135 hivi kilisogezwa mbele kwa zaidi ya sentimita 30. Mwamba wa chini ulikuwa na nyufa, na msingi haukufika kwenye mwamba mzima. Wakaimarisha sehemu ya chini, bwawa likajazwa tena. Lakini sehemu ya juu ilibaki nyembamba kama zamani. Tarehe 27 Aprili 1895 sehemu hiyo ikavunjika. Watu zaidi ya 80 walikufa bondeni.

Mwaka huo huo mhandisi Maurice Lévy alitoa kanuni: upande wa maji, mawe yabanane kwa nguvu kupita msukumo wa maji, ili maji yasipate pa kuingia.

Kule Vyrnwy, Wales, ukuta wa mawe uliojengwa toka 1881 hadi 1888 uliwekewa njia za kutoa maji chini ya msingi. Mpaka leo unaupa mji wa Liverpool maji. Tusisahau lakini kwamba kijiji cha Llanwddyn kilizama humo, wenyeji wakahamishwa.

Kwa kikundi chenu

1. Chimbeni mpaka mwamba mzima, mkauoshe na kuusugua kabla ya jiwe la kwanza.
2. Tumieni mchanga safi. Mchanga wenye udongo haushikani na simiti.
3. Msiongeze kimo "kidogo tu" bila kumwuliza fundi. Kimo kikipanda, na upana wa chini upanuke.
4. Mkiona ufa mpya, au maji yakibubujika chini ya ukuta, mwiteni afisa wa maji mara moja. Kupaka plasta juu ya ufa ni kuficha ugonjwa.

Maswali ya kujadili

Ukuta wetu umekaa juu ya nini? Ni nani anayeukagua baada ya kila mvua? Ukivunjika usiku, ni nyumba za nani ziko chini yake?