Injini ya Cc 1275: Njia Tano za Kuingia Mbioni na Bili ya Kila Moja

Anayenunua Austin-Healey Sprite au MG Midget kuukuu ili ashindane wikendi huko Uingereza au Marekani hulipa bei ya gari mara moja. Injini ataendelea kuilipia msimu baada ya msimu. Ndiyo maana anayetaka kuiongezea nguvu asiulize tu bei ya kifaa kinachong'aa kwenye meza ya muuzaji. Aulize pia kifaa hicho kitamlazimisha anunue nini baadaye.

Injini yenyewe ni A-Series ya kampuni ya BMC. Ilizinduliwa mwaka 1951 ikiwa na cc 803, ikafungwa kwenye Sprite ya kwanza mwaka 1958 ikiwa na cc 948 na nguvu za farasi 43, kisha ikakua hadi cc 1275. Katika Midget ilifika farasi 65. Gari la namna hii lina uzito mdogo (Sprite ya kwanza haikufika kilo 700), kwa hiyo hata farasi kumi wa ziada dereva anawahisi.

Udhaifu mkubwa wa injini hii uko kwenye silinda hedi. Ina matundu matano tu: mawili ya kuingiza hewa na mafuta, matatu ya kutolea moshi. Silinda ya kwanza na ya pili zinachangia tundu moja, ya tatu na ya nne zinachangia jingine. Kwa kuwa silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, mbili zinazochangia tundu huvuta zikifuatana moja kwa moja, na hazipati kipimo sawa. Mbinu nyingi zisizo za kawaida za injini hii zilizaliwa na tatizo hilo.

Kanuni kwanza

Mwaka 1951 Colin Chapman alitengeneza Lotus Mark III kwa ajili ya mashindano ya 750 Motor Club. Ilitumia injini ya Austin Seven ya cc 747, nayo ikiwa na matundu ya kuchangia. Chapman aliyagawa matundu hayo kwa ndani ili kila silinda ipate njia yake. Gari likawaacha wenzake mbali, na baadaye kanuni zikabadilishwa kuipiga marufuku mbinu hiyo. Kwa mshindani wa leo somo ni la kifedha: kazi nzuri ya fundi inaweza kupoteza thamani yote kwa aya moja ya kanuni.

Turbo na supachaja zina hesabu yake. Kwa miaka mingi kanuni za FIA zimezidisha ukubwa wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7. Kwa hesabu hiyo cc 1275 zinakuwa kama 2168, na gari dogo linajikuta likikabili magari ya lita mbili na zaidi. Washindani wa autokrosi Kenya wanalijua jambo hili: magari ya kuendeshwa na magurudumu mawili hutenganishwa, yenye turbo daraja lake na yasiyo na turbo daraja lake.

Njia ya kwanza: hedi ileile, kazi safi zaidi

Hapa fundi anabaki na matundu matano. Anayalainisha na kuyapanua, anaweka valvu kubwa zaidi na kemshafti ya mbio, kisha anafunga kabureta moja ya Weber 45 au SU mbili. Silinda zikikerezwa kutoka kipenyo cha milimita 70.6 hadi 73.5, injini inafika takriban cc 1380, kama daraja lako linaruhusu.

Injini kamili ya mbio hugharimu maelfu ya pauni, wala si njia ya bei rahisi kama wengi wanavyodhani. Faida yake ni kwamba unaweza kulipa kidogo kidogo: hedi msimu huu, kemshafti msimu ujao. Spea bado zinatengenezwa mpya, mafundi wanaoijua ni wengi, na mara nyingi unabaki ndani ya daraja lako. Gharama iliyojificha ni krenkshafti. Inashikwa na beringi kuu tatu tu, na ukiizungusha kasi kuliko ilivyokusudiwa, utahitaji krenki ya chuma bora na kuifungua injini mara kwa mara.

Njia ya pili: hedi ya pikipiki

Pikipiki ya BMW K1100 ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 70.5 kila moja, karibu sawasawa na A-Series ya cc 1275. Ukaribu huo uliwawezesha mafundi wa Uingereza kuichukua hedi yake, yenye valvu 16 na kemshafti mbili juu, na kuifunga kwenye bloku ya BMC. Kila silinda inapata tundu lake, na tatizo la kuchangia linaisha.

Hedi iliyotumika hununuliwa kwa mamia ya pauni. Kinachofuata ndicho kinachofikisha maelfu: pistoni maalumu, mkanda wa kuzungusha kemshafti, njia za maji na oili za kuchongwa upya, na mfumo mpya wa mafuta. Ndani ya bloku lazima shafti ibaki, kwa sababu pampu ya oili ya A-Series huzungushwa na kemshafti ya zamani. Halafu hedi hii hutaka mizunguko mingi, na unarudi kwenye bili ya krenki. Mbio za magari ya kihistoria hazitaikubali. Anayetaka valvu mbili zilezile kwa kila silinda anaweza kununua hedi ya alumini ya matundu saba, yaani manne ya kuingiza na matatu ya kutolea. Kazi ya kuifunga ni ndogo zaidi, ila nayo isomewe kanuni kwanza.

Njia ya tatu: kuisukumia hewa

MINI Cooper S ya BMW ya kizazi cha kwanza ilikuja na supachaja ya Eaton M45, na zilizotumika zinapatikana kwa bei nafuu kuliko sehemu nyingine yoyote katika ulinganisho huu. Ukitazama kila farasi amekugharimu kiasi gani, hakuna inayoishinda.

Lakini hewa iliyosukumwa ina joto. Utapunguza mgandamizo wa pistoni, utaongeza upoozaji, utapanga upya mafuta na muda wa cheche. Kisha giaboksi italalamika. MG Metro Turbo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitoka kiwandani na A-Series ya farasi 93, na presha ya turbo ilibanwa makusudi kwa sababu giaboksi isingehimili zaidi. Sprite ina giaboksi tofauti, lakini nayo haikuundwa kubeba nguvu hizo. Weka bei ya giaboksi kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Njia ya nne: injini nzima ya pikipiki

Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999 ilikuwa na cc 1299 na takriban farasi 175. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya Midget kwa ukubwa unaokaribiana, pamoja na giaboksi ya gia sita ndani yake. Kampuni ya Radical ya Peterborough ilijenga magari ya mbio kuzunguka injini hii.

Kasoro zake ni za maumbile. Pikipiki huinama kwenye kona, gari haliinami, kwa hiyo oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na beringi hukauka. Sampu yenye vizuizi, au mfumo wa oili wa tangi la pembeni, ni wa lazima. Hakuna rivasi, na klachi iliyoundwa kwa pikipiki huchakaa haraka ikisukuma gari. Injini hii inafaa gari jepesi sana lililojengwa kwa ajili yake. Ukiitia kwenye Sprite, utalipia shasi, propela na rivasi kabla hujashiriki mbio hata moja.

Njia ya tano: injini iliyofungwa kwa lakiri

Njia hii inaiacha Sprite kabisa. Magari ya mbio yaitwayo Legends yalianza Marekani mwaka 1992 yakitumia injini ya pikipiki ya Yamaha iliyopigwa lakiri ili mtu asiichokonoe. Nguvu ni karibu sawa kwa wote. Kwa anayependa kuendesha kuliko kufungua injini, hapa ndipo bajeti inapotabirika zaidi.

Uamuzi

Mgeni mwenye bajeti ya mshahara achague Legends au njia ya kwanza kwa hatua ndogo. Mwenye karakana yake, muda wa kutosha na daraja huru atapata thamani kwenye supachaja, mradi aanze na giaboksi. Hedi ya BMW ni ya anayefurahia uhandisi wenyewe na yuko tayari kuulipia. Injini ya Hayabusa inastahili gari lake.

Yoyote utakayochagua, andika bei ya msimu mzima: kifaa, vinavyofuata, oili, klachi, ada za kuingia na injini kufunguliwa angalau mara moja. Hesabu hiyo ikikulemea kwenye karatasi, shuka hatua moja. Anayemaliza mbio zote za msimu na injini ya kawaida hujifunza udereva zaidi kuliko mwenye farasi wengi ambaye gari lake liko juu ya jeki.